Watoto Hawajaja Kuimba

Kikao cha wazazi kilikuwa Jumamosi asubuhi, ndani ya ukumbi wa shule anayosoma binti yangu. Ni shule ya msingi ya Kikatoliki hapa Dar es Salaam. Jina lake naliacha. Mwalimu wa taaluma aligawa ratiba mpya. Vipindi viwili vya mwisho vya Ijumaa, vilivyokuwa vya muziki na uchoraji, sasa vimeandikwa "mazoezi ya mitihani". Utoto Mtakatifu, ambao watoto walikuwa wakikutana Jumatano baada ya uji, umehamishiwa jioni, kwa mtoto ambaye mzazi wake yuko tayari kumfuata mwenyewe kwa kuwa basi la shule halitasubiri. Darasa la nne wana upimaji wa taifa, na shule inataka wote wafaulu kwa alama A.

Mama mmoja akanyoosha mkono kuuliza kama kweli watoto wataacha kuimba kabisa. Kabla hajajibiwa, baba mmoja nyuma akasema, "Watoto hawajaja kuimba hapa, wamekuja kusoma." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Nami nikacheka kidogo, ule mcheko wa kumsindikiza mwenye nguvu. Sikusema kitu. Mwandishi wa habari mzima, ninayelipwa kwa kuuliza maswali, nikakunja ratiba nikaiweka kwenye pochi.

Njiani kurudi nyumbani nikamkumbuka babu, mzaa mama. Babu alisoma shule ya misheni huko Ungoni, miaka ya 1940. Aliishia darasa la nne. Hesabu za mgawanyo zilimtoka, jiografia ya Ulaya aliyofundishwa ilimtoka, lakini mpaka anafariki aliweza kuimba Nasadiki nzima kwa Kilatini, hakosi neno, na alikuwa hajui maana ya zaidi ya nusu ya maneno hayo. Aliweza pia kupanda mche wa kahawa, kupima pembe ya ukuta kwa kamba, na kuandika kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Vyote hivyo alivipata nje ya lile darasa la ubao na chaki: kwenye kwaya, kwenye shamba la misheni, kwenye karakana.

Basi nikaanza kusoma. Nilitaka kujua haya mambo tunayoyaita ya ziada yaliingiaje katika shule za Wakatoliki. Nilichokikuta kimenibadilishia swali. Kuimba hakukuja kuongezwa shuleni. Kwa miaka mingi kuimba, kusali na kufanya kazi za mikono ndiyo ilikuwa shule yenyewe, na masomo ya kitabu yalipachikwa pembeni.

Tuanzie Bagamoyo, maana ndiko kila Mkatoliki wa nchi hii anakoanzia. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Zanzibar tangu miaka ya mwanzo ya 1860, na mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, wakavuka kuja bara kufungua misheni Bagamoyo. Watoto wao wa kwanza hawakuletwa na wazazi wenye fomu ya kujiunga mkononi. Walikuwa watumwa. Wengine walikamatwa na manowari za Waingereza kutoka kwenye majahazi, wengine walinunuliwa na mapadre wenyewe katika soko la Zanzibar, soko lililofungwa mwaka 1873 wakati wa Sultani Barghash.

Sehemu ya fedha ilitoka wapi? Hapa nilisimama kusoma kwa muda. Ilitoka kwa watoto. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha chama cha watoto kinachoitwa Utoto Mtakatifu. Sharti lake lilikuwa jepesi: kila mtoto asali Salamu Maria moja kwa siku na atoe senti moja kwa mwezi kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali. Senti hizo zilikusanywa madarasani na makanisani huko Ufaransa na kwingineko Ulaya, na nyingine zikafika huku kwetu, zikawa bei ya mtoto wa Kiyao au wa Kizaramo, na chakula chake, na nguo yake, na daftari lake.

Kumbe chama ambacho binti yangu anavaa skafu yake na kucheza michezo yake Jumatano ni kile kile. Mtoto wa Nancy alitoa senti, mtoto wa huku akatoka sokoni. Sijui niite huruma au niite biashara. Nadhani ilikuwa yote mawili kwa wakati mmoja. Mtoto aliyenunuliwa ili awe huru hakuulizwa kama anataka kuwa Mkristo. Alibatizwa, akapewa jina, akapangiwa kazi, na akikua akaozwa kwa mwenzake na kupewa nyumba katika kijiji cha Wakristo pale pale misheni.

Siku yake iligawanywa kwa kengele. Sala, Misa, shamba au karakana, darasa, kuimba, sala tena. Wavulana walijifunza ufundi, wasichana walifundishwa na masista kushona na kazi za nyumbani, wote wakalima. Ukitembea leo Bagamoyo kwenye ile njia yenye miembe mizee, ukiuliza ilipandwa na nani, watakutajia mapadre. Mimi nawaza mikono ya watoto. Hivyo tusidanganyane kwamba vipindi vya mikono na nyimbo vilikuwa zamani nzuri iliyopotea. Mara nyingi vilikuwa jasho lisilolipwa, na nyimbo ziliwekwa hapo ili kujaza nafasi ya nyimbo nyingine ambazo watoto walitoka nazo kwao.

Hilo la nyimbo nyingine babu alilijua kwa mgongo wake. Alipokuwa darasa la tatu alitoroka Jumamosi usiku kwenda kucheza lizombe kijiji cha pili. Jumatatu akaitwa mbele. Alichapwa, akatolewa kwaya, na kwa muda akawekwa kubeba matofali badala ya kuimba. Kosa halikuwa kutoka usiku peke yake. Kosa lilikuwa ngoma. Kwa wamisionari wengi wa enzi hizo ngoma ilikuwa upagani, na mtoto wa shule aliyekutwa akicheza alihesabiwa amerudi nyuma. Babu alikuwa akisimulia kisa hiki akicheka, lakini alikuwa akimalizia na sentensi moja kila mara: "Fimbo sikuilalamikia. Kwaya ndiyo iliniuma."

Nimewaza sana juu ya hiyo sentensi. Mtoto amepigwa kwa sababu ya muziki wa kwao, na kinachomuuma ni kunyang'anywa muziki wa wageni. Kwa sababu kwake, nadhani, haukuwa tena wa wageni. Aliuimba yeye, kwa koo lake, kila asubuhi. Walimpa Kilatini ili kichukue nafasi ya lizombe. Yeye akabaki na vyote viwili.

Na hakuwa peke yake. Mwaka 1958, huko Kamina, Katanga, ndani ya Kongo ya Wabelgiji, jambo hilo hilo lilitoka hadharani. Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa ameunda kwaya ya wavulana wa shule na walimu wao, akaipa jina la Mfalme Baudouin. Kwaya hiyo ndiyo iliyoimba Missa Luba: maneno ni yale yale ya Misa ya Kilatini, lakini mirindimo, maitikio na ngoma ni za Kikongo. Mwanzoni haikuandikwa kwa nota. Walikuwa wakitunga wakiimba, mmoja anaongoza, wengine wanapokea, kama inavyofanyika kwenye ngoma yoyote ya kijijini. Mwaka huo huo wakasafiri Ulaya wakaimba kwenye maonyesho makubwa ya Brussels. Miaka kumi baadaye Lindsay Anderson akautumia wimbo wao wa Sanctus kwenye filamu yake If...., inayohusu wanafunzi wa bweni wa Kiingereza wanaoasi shule yao. Sauti za wanafunzi wa Kamina zikawa wimbo wa uasi wa wanafunzi wa Uingereza! Hata hivyo ukisikia watu wakiizungumzia santuri ile, jina utakalolisikia kwanza ni la padre. Ya wale wavulana hayasikiki.

Kanisa lenyewe lilikuwa likielekea huko. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga, mtu wa huku kwetu, alichapisha kitabu kilichopima sheria za Kanisa kuhusu muziki mtakatifu na kuuliza zinauhusuje muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati yake ya liturujia, iliyosema kwamba katika nchi za misheni muziki wa jadi wa watu upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Ngoma ikaingia kanisani kwa mlango wa mbele. Babu alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Bibi alisema Jumapili ya kwanza ngoma ilipopigwa kwenye Misa, babu alibaki kwenye benchi ameinamisha kichwa mpaka watu wakadhani anaumwa.

Halafu ikaja zamu ya serikali. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizichukua shule za misheni zikawa za umma. Mtoto wa Kiislamu na wa Kilutheri wakakaa dawati moja na wa Kikatoliki bila mtu kuulizwa dini, na hilo mimi nalihesabu kuwa miongoni mwa mambo mazuri ambayo nchi hii imewahi kufanya. Lakini angalia kilichobaki. Miaka miwili kabla, Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alifundisha shule za Wakatoliki za St. Mary's Tabora na St. Francis Pugu, alikuwa ametoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na shamba likawa sehemu ya kila shule. Kwaya za shule zikaendelea, sasa zikiimba Ujamaa na Uhuru. Kipindi cha dini nacho kikabaki kwenye ratiba.

Mimi nimesoma shule ya namna hiyo, ya serikali, iliyokuwa ya misheni zamani. Kipindi cha dini kengele ikilia tunagawanyika: Wakatoliki chini ya mwarobaini na katekista, Walutheri darasa la tano, Waislamu na ustaadhi wao karibu na ofisi. Katekista wetu alikuja na baiskeli, hana mshahara wa kueleweka. Alitufundisha maswali na majibu ya katekisimu kwa kuyaimba. Stadi za Kazi tulifinyanga vyungu ambavyo vilipasuka vyote. Mtihani wa darasa la saba nimeshausahau swali kwa swali. Mwarobaini sijausahau.

Kuanzia miaka ya 1990, milango ya shule za msingi za binafsi ilipofunguliwa, majimbo na mashirika ya masista yakajenga upya. Ndizo hizi tunazopigania nafasi leo. Tunazipenda kwa nidhamu na kwa matokeo, na tunalipa ada kwa kubana kila mahali. Ndiyo maana yule baba aliongea vile, na sitaki kumfanya mtu mbaya katika makala hii. Anauza vifaa vya ujenzi, ana watoto watatu pale, na anajua mtoto akikosa alama hakuna atakayemwuliza kama alikuwa anaimba vizuri. Hofu yake ndiyo yangu. Ndiyo maana nilicheka.

Ila historia imenionyesha kitu ambacho ratiba haikionyeshi. Zaidi ya miaka mia na hamsini watu wazima wamekuwa wakivipangia vipindi hivi kazi: wamisionari wavitumie kuua ngoma, serikali ivitumie kujenga taifa, sisi wazazi tuvifute ili kupata A. Na mara kwa mara watoto wamevichukua wakavifanyia jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Babu alifanya hivyo. Wavulana wa Kamina walifanya hivyo. Katika darasa la kitabu mtoto hupewa jibu. Mtihani ukimtaka alirudishe, analirudisha. Katika wimbo hakuna wa kumrudishia. Anabaki nao.

Wiki iliyofuata nilikwenda shuleni kumwona Sista mkuu. Nikamwambia, "Tumsifu Yesu Kristo, Sista," akaitikia, "Milele amina, Mama Neema, karibu ukae." Nikamweleza haya yote, kwa ufupi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema naye hakuipenda ile ratiba, lakini wazazi wengi ndio walioiomba, na mwaka jana watoto kumi na mmoja walihamishiwa shule jirani kwa sababu ya matokeo. "Kikaoni ulikuwepo?" akaniuliza. Nikasema nilikuwepo. "Mbona hukusema?"

Sikuwa na jibu. Tumekubaliana kwamba kikao kijacho nitasimama. Muziki haujarudi. Kwa sasa Jumatano jioni namfuata Neema mwenyewe saa kumi na moja, nikichelewa kidogo makusudi, nikae kwenye gari nje ya ukumbi niwasikilize. Wako tisa tu siku hizi. Ngoma anapiga mtoto wa yule baba.