Kiwanda cha mafunzo ni nini?

Ni karakana ya masomo inayoendeshwa sawa kiwanda cha kweli: kuna oda, siku ya kumaliza kazi, na kipande kibovu kinarudishwa. Jina lilianza Marekani mwaka 1994, kwenye chuo kikuu cha Penn State.

Likasi wanaelewa jambo hilo. Wakati wa Union Minière, kisha Gécamines, atelye za Panda zilitengeneza vipande vya mashini za migodi, na kazi ilikuwa shule. Gécamines ilipoanguka miaka ya 1990, njia hiyo ikafinyika.

Leo kijana anaweza kupata diploma bila kuzoea mashini ya kuchonga chuma. Kampuni inatafuta mwingine. Shule kadhaa zikigawana karakana moja, na kampuni zikileta kazi ndogo za kweli, gharama inapunguka.