Ndege ilikwama mtoni, Wakongo wakaitoa

Wasee, panda matatu hapa Kakamega ushuke Kisumu. Lile ziwa liliwahi kuwa stendi ya ndege. Miaka ya 1930, ndege za Imperial Airways za kutoka Uingereza hadi Afrika Kusini zilikuwa zinatua majini pale Kisumu, zimebeba barua na abiria wenye pesa.

Swali: tani 18 zinatokaje majini?

Siri iko kwa tumbo. Liliundwa kama la mashua, halafu chini likakatwa kama ngazi. Mwanzoni ndege inasukuma maji kwa shida. Kasi ikipanda, inainuka na kuteleza juu yake, kama jiwe bapa ukilirusha Mto Isiukhu. Ile ngazi inaingiza hewa chini, maji yanaachilia sehemu ya nyuma. Rubani naye analinda pembe. Akiinua pua sana, mkia unazama na maji yanamvuta. Akiinamisha sana, ndege inaanza kurukaruka, inaweza hata kuharibika. Pembe sahihi ni digrii chache tu.

Lakini pembe bila nafasi ya kukimbia ni bure. Machi 1939, ndege iitwayo Corsair ilitoka Port Bell, Uganda, ikapotea njia. Mafuta yakikaribia kuisha, ikatua Mto Dungu, karibu na Faradje, Kongo. Jiwe likatoboa tumbo. Mafundi wakaja, wakaziba. Kujaribu kupaa, ikagonga jiwe lingine. Mto ulikuwa mwembamba na maji machache, hiyo hesabu ya pembe ingesaidia nini?

Ikabidi mto wenyewe ubadilishwe. Wakongo wakajenga ukuta wa kuzuia maji, kina kikapanda, na Januari 1940 Corsair ikapaa. Miezi kumi!

Sasa hapa ndipo mimi nakasirika. Majina ya marubani yanajulikana: Alcock aliyeitua, Kelly-Rogers aliyeitoa. Hata ndege ina jina. Waliobeba mawe wanaitwa tu vibarua, ilhali bila wao hiyo ndege ingeozea pale.

Kisumu pia kulikuwa na watu wa kubeba mizigo na kupiga makasia. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayejua jina la mmoja wao, muulize leo, uandike. Fizikia tutaipata vitabuni. Hayo majina, akienda nayo, basi.