Milia ya Njano na Nyeusi (Sehemu ya Pili)

ILIPOISHIA: Vijana wanne wa Orange County, California, walilitupa jina la Roxx Regime, wakaamua kumpigia Mungu roki. Jina jipya, Stryper, wakalifunga kwenye Isaya 53:5.

ENDELEA...

Mwaka ni 1985. Albamu yao fupi ya nyimbo sita imeshatoka mwaka uliopita kwa Enigma Records. Sasa wanataka albamu kamili, Soldiers Under Command.

Nani kakalia kiti cha prodyuza? Mchungaji? Thubutu! Ni Mjerumani Michael Wagener, aliyekwishafanya kazi na Accept na Dokken. Ukitarajia kinanda cha kanisani, umepotea njia.

Michael Sweet anapandisha sauti mpaka unamhurumia koo. Oz Fox yuko kwenye gitaa, Tim Gaines kwenye besi. Robert, kaka yake Michael, yuko nyuma ya dramu.

Nimesema nyuma? Nisamehe. Jukwaani Robert huzipanga dramu zake kiubavu, ili watu wamwone vizuri anavyozicharaza. Kaokoka, ila maringo hakuyaacha! Mimi nampendea hilohilo.

Nguo zinabana, milia ya njano na nyeusi kila mahali, nywele zimetimka, macho yana wanja. Halafu shoo ikikolea, wanaanza kurushia watu vitu.

Vitu gani? Maua? Fulana? Agano Jipya, bwana! Vitabu vinapaa, mashabiki wa roki nzito wanavidaka juu kwa juu.

Na albamu? Ikauza mpaka ikapata dhahabu Marekani, yaani nakala nusu milioni.

Unadhani makanisani walipiga vigelegele? Subiri kwanza, nikurudishe nyuma kidogo. Mwaka 1975, ndugu hawa wawili waliokoka wakitazama mahubiri ya Jimmy Swaggart kwenye televisheni. Liweke hilo mfukoni, utalihitaji sasa hivi.

Maana aliinuka mhubiri mmoja, mkubwa kwelikweli, akawashukia Stryper bila huruma. Kurusha Maandiko kwenye umati wa roki, kwake yeye, ni kuwatupia nguruwe lulu.

Mhubiri gani huyo? Unaniuliza mimi? Hebu jipapase mfukoni!

Ndiyo. Ni yuleyule.

Basi Februari 1988, mhubiri huyohuyo akasimama mbele ya waumini na kamera, machozi yakimchuruzika, akiomba msamaha.

Kafanya nini? Hilo ni la Jumamosi ijayo. Usikose!

ITAENDELEA