Skeli Mbili za Mara

Kwenye programu ya ramani, picha hukuzwa kwa namba mbili: moja huzidisha upana, nyingine urefu. Zikipishana pasipo sababu, shamba la mraba linakuwa mstatili na njia ya kwenda zahanati inaonekana fupi kuliko ilivyo.

Jambo hili ni la kale. Mchoraji ramani Marinus wa Tyre aliuchora ulimwengu wote kwa uwiano mmoja unaofaa kisiwa cha Rhodes: digrii ya longitudo ikawa sehemu nne kati ya tano za digrii ya latitudo. Katika karne ya 2 mwanajiografia Ptolemy, aliyeitaja hata bandari ya Rhapta kwenye mwambao wetu, alimkosoa. Karibu na Ikweta uwiano huo unaubana upana. Kila ramani ya eneo, alishauri, ifuate latitudo ya katikati yake.

Ushauri huo unauhusu moja kwa moja mkoa wa Mara. Tarime iko digrii 1 na ushei kusini mwa Ikweta, Mugumu haifiki 2. Huku digrii moja ni karibu kilomita 111, uende mashariki au kaskazini. London, digrii ya mashariki-magharibi ni kama kilomita 69 tu. Anayenakili hesabu ya Ulaya bila kuibadilisha anaifinya Mara.

  

Lakini skeli mbili si kosa kila wakati. Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti iliyokuja kuitwa Landsat 1. Pikseli zake hazikuwa za mraba: takriban mita 57 kwa 79. Ukizichapa kama miraba, mbuga za Serengeti zinatanuka kwa upana; sharti urefu uzidishwe kwa karibu 1.4 na upana uachwe. Hapa skeli mbili tofauti ndiyo haki yenyewe.

Leo kazi ya kuchora ramani iko mikononi mwa wengi. Tangu 2015 wachangiaji wa mradi wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji vya Tanzania kwenye ramani huria ya OpenStreetMap kutokana na picha za setilaiti, na ramani hizo zimesaidia kuwafikia wasichana wa Mara wanaokimbia ukeketaji. Usiku, bila ramani sahihi, gari la uokoaji linapotea.

Vijana mnaoandika programu Tarime na Mugumu, msiiachie kompyuta iwachagulie skeli. Pimeni barabara moja mnayoijua ya mashariki-magharibi, na nyingine ya kaskazini-kusini, kabla ya kuchapa.