Ahmedabad: Mji wa Pamba Kando ya Mto Sabarmati

Sultani Ahmad Shah aliuasisi mji huu mwaka 1411, ukingo wa mashariki wa Sabarmati. Wenyeji waliishi kwenye pol: mitaa ya vichochoro yenye lango lake, nyumba za mbao za nakshi na vibanda virefu vya kulishia ndege.

Kama una muda wa kutazama kitu kimoja tu, nenda Msikiti wa Sidi Saiyyed. Aliyeujenga, karibu mwaka 1573, alikuwa Mhabeshi katika utumishi wa watawala wa Gujarat. Kwenye dirisha lake mashuhuri, jiwe limetobolewa hadi likawa mti: shina jembamba, matawi yanayosokotana, majani membamba kama lesi. Jua la alasiri hupenya katikati yake.

Kiwanda cha kwanza cha pamba kilianza kazi mwaka 1861. Vikaongezeka, mji ukaitwa Manchester ya India. Mwaka 1918 Gandhi, aliyekuwa na makazi yake ng'ambo ya mto, aliongoza mgomo wa wafanyakazi waliodai nyongeza ya mshahara, akafunga kula siku 3.

Vingi vya viwanda hivyo vilifungwa kuanzia miaka ya 1980. Siku hizi riziki iko zaidi kwenye dawa, kemikali na kitambaa cha jinzi. Mto wenyewe, ambao zamani ulikauka miezi mingi na kuachia madobi na watia rangi mkondo wake mkavu, sasa hujazwa maji ya mfereji wa mto Narmada. Kingo zake zimesakafiwa, zinapendeza. Lakini maelfu ya familia za mabandani ziliondolewa kupisha ujenzi huo.

Mji mkongwe uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2017.