Ndovu wa Ruaraka na Tembo la Mvita

Mwaka 1922 walowezi wawili, George na Charles Hurst, ndugu wa tumbo moja, walishirikiana na H. A. Dowding kuanzisha Kenya Breweries. Kiwanda kilijengwa Ruaraka, nje ya Nairobi, lakini historia yake inapitia kisiwani kwetu. Mitambo ilitoka Uingereza kwa meli, na mzigo mzito wa bara ulikuwa na mlango mmoja, Mombasa, na njia moja, reli iliyofika Kisumu mwaka 1901.

Mwaka 1923 George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni. Bia ya kampuni ikaitwa Tusker, na mpaka leo mnyama yule yule yumo kwenye karatasi ya chupa, mweusi juu ya manjano. Msiba wa nyumba moja ukawa alama inayojulikana Afrika Mashariki nzima.

Umiliki wa familia haukudumu. Kampuni ilinunua Tanganyika Breweries, na mwaka 1936 ikajiita East African Breweries. Mpinzani alikuja mwaka 1998, kiwanda cha Castle kule Thika. Kufikia 2002 kilikuwa kimefungwa.

Sisi wa Mvita, yaani Mombasa, tuna jambo letu hapa. Kwa Kimvita mnyama ni ndovu. Tembo ni kinywaji, maji ya mnazi yaliyochacha, na lilinywewa pwani hii karne nyingi kabla ya chupa ya kwanza ya Ruaraka. Sheria ya kikoloni ilimkataza Mwafrika bia ya chupa hadi miaka ya 1940. Kuli wa Kilindini alikunywa tembo. Lakini si kila mtaa ulikunywa tembo. Mji wa Kale ni mji wa misikiti, na kinywaji cha baraza pale ni kahawa chungu inayomiminwa kutoka kwenye dele, kashata pembeni.

Mgema hana mtambo. Alfajiri hupanda kwa vidato alivyochonga kwenye shina, kotama kiunoni. Juu hukata ncha ya karara kipande chembamba kama ukucha, akafunga kibuyu chini yake. Jioni hurudi kukata tena, maana jeraha likikauka maji hukoma. Tembo la asubuhi ni tamu. Likilala, linakuwa kali lenyewe, bila shayiri wala hamira ya dukani. Kazi hii baba humrithisha mwana, na kwangu mimi hicho ndicho kiwanda cha familia kilichodumu kuliko vyote pwani.

Kampuni ya akina Hurst ilitimiza miaka mia mwaka 2022, na majina ya waanzilishi wake yameandikwa. Ya wagema hayajaandikwa. Ukivuka kwenda Kisauni au Likoni, ukamkuta mzee kwenye mangwe, pale panaponywewa tembo, muulize ni nani aliyemfundisha kugema, na uliandike jina hilo.