Dagoretti: Historia ya Njia Panda na Nchi ya Muratina

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Nairobi akiifuata Barabara ya Ngong kuelekea magharibi, baada ya kuyapita majumba ya Kilimani na maduka ya Junction, na baada ya kuwapita maseremala wanaopanga vitanda na makabati yao kandokando ya njia, hufika mahali ambapo barabara hugawanyika, moja ikiendelea kwenda Karen na Ngong, na ya pili, iitwayo Barabara ya Naivasha, ikikata kulia kuelekea Kawangware na Uthiru. Mahali hapo ndipo Dagoretti Corner. Aghlabu watu hupajua kwa mambo mawili: foleni ya magari ya asubuhi na jioni, na makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, ambayo vipimo vyake vya mvua na joto vimelitangaza jina la Dagoretti hata kwa wataalamu wa nchi za mbali wasiopata kuiona. Lakini jina hili lilivuma kabla ya Nairobi yenyewe kuwako, nalo lilivuma kwa sababu ya neema ya ardhi: chakula, asali, miwa, na kile kinywaji kilichotokana na asali na miwa, ambacho pasipo hicho mzee wa Kikuyu hakuozesha binti wala hakuamua kesi.

Katika karne ya kumi na tisa, misafara ya Waswahili na Waarabu iliyotoka Mombasa na Pangani kwenda kutafuta pembe za ndovu ilikuwa ikilivuka bonde kavu la Wamaasai na kutua chini ya vilima vya Ngong, mahali palipojulikana kwa jina la Ngongo Bagasi. Mbele yao ulisimama msitu mnene, ambao Wakikuyu waliuacha makusudi pasipo kuufyeka ili uwe ngome yao, na nyuma ya msitu yalikuwako mashamba yaliyowastaajabisha wageni kwa ustawi wake. Wapagazi wenye njaa hawakuingia ndani. Walisubiri ukingoni, na wanawake wa Kikuyu wakateremka na viazi vitamu, maharagwe, ndizi, mtama na miwa, wakabadilishana kwa shanga, nguo na nyaya za shaba. Mwaka 1887 mtu wa Hungaria aliyeitwa Count Teleki alifika huko pamoja na Jumbe Kimameta wa Pangani, kiongozi mashuhuri wa misafara, akathubutu kupenya ndani ya nchi hiyo. Inafaa jina la Kimameta litajwe, kwa kuwa vitabu vingi vya safari hizo huwataja mabwana wa Kizungu na kuwasahau watu wa pwani waliozijua njia, visima na lugha za nchi, hali ya kuwa pasipo wao safari zisingalifika popote.

Sasa tutulie kidogo juu ya kinywaji chenyewe, kwa maana ndicho kiini cha habari hii. Muratina hupewa jina lake na tunda la mti ambao Waswahili huuita mvungunya, na wengine mwegea, tunda refu lenye kuning'inia kwenye kikonyo mithili ya soseji kubwa, ambalo likiwa bichi haliliki. Tunda hukatwa, hukaushwa juani, kisha huchemshwa na kukaushwa tena hata uchungu wake utoke na zibaki nyuzinyuzi zilizo kama sifongo. Katika nyuzi hizo hukaa hamira isiyoonekana kwa macho, nayo hudumu humo kutoka mapishi mamoja hadi mengine, kiasi kwamba vipande vizuri vya muratina vilitunzwa kama mali na kuazimwa baina ya majirani. Miwa iliyokatwa mabondeni ilimenywa, ikatwangwa katika vinu vya mti, ikakamuliwa. Au asali ilichanganywa na maji. Na kile kilichopatikana kikamiminwa katika vibuyu vikubwa pamoja na vipande vya tunda, kisha vibuyu vikawekwa karibu na moto wa jikoni, kwa sababu baridi ya nchi ile iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari huizuia hamira isifanye kazi. Baada ya siku moja au mbili kinywaji kilikuwa tayari.

Wala hakikuwa kinywaji cha kila mtu. Ada iliwakataza vijana. Kunywa kulikuwa haki ya waliokwisha kuoa, wakazaa, wakapanda daraja hata kuingia katika kiama, yaani baraza la wazee, na katika kila shughuli matone ya kwanza yalimwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Wenye madai walipopatanishwa walikunywa pamoja; shamba lilipopewa mpaka, kibuyu kilikuwapo; na posa haikuanza ila kwa pombe iliyobebwa hadi nyumbani kwa baba wa binti. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake kuhusu maisha ya Wakikuyu kilichotoka London mwaka 1938, aliieleza kazi ya kutengeneza pombe kama mojawapo ya kazi za ushirika, wanaume kwa wanawake wakigawana sehemu zao, na kwa maoni yangu alifanya vema kuiweka pamoja na kilimo na ujenzi wa nyumba wala si pamoja na starehe.

Katika nchi ya namna hiyo alifika Kapteni Frederick Lugard mwezi Oktoba 1890, akitumwa na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki kwenda Uganda. Haja ya Kampuni ilikuwa dhahiri: njia ya Uganda ni ndefu, wapagazi ni wengi, na hapakuwa na ghala la chakula bora kuliko nchi ya Wakikuyu wa kusini. Lugard alikula kiapo cha udugu wa damu na Waiyaki wa Hinga, mmoja wa wakubwa wa nchi hiyo, akajenga boma la miti huko Dagoretti, upande wa magharibi wa njia panda ya leo, akamwachia George Wilson kulilinda, naye akashika njia yake. Udugu huo haukuishi mwaka. Watu wa boma walipokosa kununua walinyang'anya, mashamba yakavamiwa, na ghadhabu ikapanda hata Wilson akakimbia na boma likateketezwa kwa moto. Mwaka 1891 Kampuni ilirudi na kujenga boma jingine imara zaidi upande wa Kabete, Fort Smith, na hapo ndipo Waiyaki alipokamatwa mwezi Agosti 1892 baada ya kugombana na mkuu wa boma, akapelekwa pwani kwa minyororo, akafia njiani huko Kibwezi. Siku hizi Barabara ya Naivasha itokayo Dagoretti Corner huishia katika njia kuu iliyopewa jina lake, Waiyaki Way, na maelfu hupita kila siku kutoka moja hadi nyingine.

Mwisho wa karne ulileta mambo mengi kwa pamoja: njaa kubwa na ndui zilizoua watu wasiohesabika, reli iliyofika Nairobi mwezi Mei 1899 na kuendelea kupanda mlimani kupitia Dagoretti, na wamisionari. Wamisionari wa Kanisa la Scotland waliacha Kibwezi wakahamia upande wa Dagoretti mwaka 1898, kisha wakatulia Thogoto. Mapadri wa Roho Mtakatifu nao walianzisha misheni yao ya St. Austin mwaka 1899, ambako walipanda kahawa. Wascotland waliihesabu muratina kuwa adui wa roho, na muumini aliyeinywa alikuwa hatarini kutengwa. Wema wao katika elimu na tiba haukanushiki. Hata hivyo katazo hilo lilimweka Mkristo mpya mahali pagumu mno, maana kuikataa pombe katika posa ya dada yake hakukuwa sawa na kujiepusha na ulevi tu. Kulikuwa ni kujitoa katika makubaliano ya ukoo.

Serikali nayo ilikuja na sheria zake. Tangu mwaka 1912 wakuu waliowekwa na Waingereza katika maeneo ya Waafrika walipewa mamlaka ya kuzuia au kupunguza utengenezaji wa pombe za kienyeji, na kibali cha kupika muratina, ambacho zamani kilitoka kwa ada na umri, kikawa sasa chatoka kwa mkuu na karani wake. Mjini mambo yalikuwa makali zaidi. Mwaka 1922 manispaa ya Nairobi ilifungua kilabu cha pombe Pumwani, ikajihodhia peke yake haki ya kuwapikia Waafrika na kuwauzia, na mapato yakaingia katika mfuko wa kugharimia huduma za Waafrika hao hao. Mwaka uo huo kiwanda cha bia cha Wazungu kilianza kazi Ruaraka, na bia yake ya chupa Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa hata baada ya Vita vya Pili. Basi mtu wa Dagoretti, ambaye nchi yake ilikuwa ng'ambo ya mpaka wa manispaa, alijikuta akizungukwa na pombe mbili: moja iliyoharamishwa kwake kwa rangi yake, na nyingine, ya babu yake, iliyohitaji ruhusa.

Katika miaka hiyo hiyo Kenyatta, aliyekuwa mwajiriwa wa idara ya maji ya manispaa, alijenga nyumba Dagoretti akaiita Kinyata Stores, duka la mahitaji ya majirani. Huo ndio ulikuwa mwendo wa Dagoretti ya baina ya vita viwili: mji mdogo wa maduka ya mabati, soko na kituo cha reli, ambao wenyeji wake walikwenda Nairobi kwa mshahara na kurudi jioni kwenye mashamba yao. Maelfu ya ekari za Kiambu ya kusini zilikuwa zimekwisha chukuliwa na masetla, ardhi iliyobaki ikawa finyu, lakini miwa iliendelea kuota kando ya vijito vinavyoteremka kuelekea Mto Nairobi.

Kilichoiondoa miwa si sheria ya pombe. Hali ya Hatari iliyotangazwa mwezi Oktoba 1952 iliwakusanya watu katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miiba; mashamba yaliunganishwa na kupimwa upya; na mpango wa kilimo wa mwaka 1954 ukawafungulia Wakikuyu kahawa na ng'ombe wa maziwa, vitu ambavyo vililipa kuliko miwa. Wakati wa Uhuru mipaka ya Nairobi ilipanuliwa ikaimeza Dagoretti, wapangaji wakamiminika Kawangware na Riruta, na bonde lililokuwa na miwa likapata bei ya kiwanja. Nani angalipanda muwa mahali panapoweza kukaa vyumba kumi vya kupangisha?

Serikali huru iliirithi sheria ya wakoloni, ikaizidishia ukali. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vilabu vya pombe za kienyeji vilifungwa kwa amri ya Rais Moi, na mwaka 1980 ikapitishwa sheria ya kuharamisha chang'aa. Katika msako wa polisi, kibuyu cha muratina cha mzee na mtungi wa chang'aa wa muuzaji vilimwagwa pamoja, na hilo naliona kuwa dhuluma, kwa sababu vitu hivi viwili havilingani. Chang'aa hutoneshwa kwa moto, nayo huweza kutiwa sumu na mwenye tamaa, kama ilivyotokea na pombe haramu Mukuru kwa Njenga mwezi Novemba 2000, ambako zaidi ya watu 100 walikufa kwa methanoli. Muratina haitoneshwi, huchacha tu kama mvinyo wa zabibu unavyochacha. Hadi mwaka 2010, Bunge lilipopitisha sheria mpya ya vileo na kuruhusu pombe hizi zitengenezwe na kuuzwa kwa leseni, Mkenya angeweza kunywa hadharani mvinyo uliotoka Ufaransa au Afrika Kusini, tena ukiletwa na shirika la serikali yenyewe lililoundwa mwaka 1969 kwa biashara hiyo, na akakamatwa kwa kinywaji cha posa ya bintiye.

Na zabibu zenyewe hazikukaa mbali. Anayeifuata ile barabara ya kulia hapo Dagoretti Corner mpaka mwisho, kisha akateremka bondeni kwa njia iliyotengenezwa na wafungwa wa vita wa Kitaliani, ambao kanisa lao dogo lingali limesimama kando ya mteremko, atafika Naivasha, ambako mizabibu imepandwa na mvinyo wa Leleshwa hutengenezwa, ukiitwa kwa jina la kichaka cha Bonde la Ufa. Mvinyo huo una lebo, una watalii na una wa kuusifu magazetini, na sina kinyongo nao.

Muratina haijaondoka Dagoretti. Matunda makavu ya mvungunya yangali yakiuzwa, asali na sukari vimechukua sehemu ya miwa, na siku za Jumamosi, huko Waithaka na Ruthimitu, utawaona wageni wa ruracio, yaani shughuli ya mahari, wakishusha vibuyu, au tuseme madumu ya plastiki, mbele ya nyumba ya wakwe. Hapo ndipo binti huitwa mbele ya wazee wa pande zote mbili na kuulizwa kama pombe hiyo inywewe, kwani wazazi hawana ruhusa ya kuigusa kabla hajakubali. Akikataa, hurudishwa ilikotoka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za kimila, na mara kwa mara katika kesi za urithi mashahidi husimama katika mahakama za Nairobi kuulizwa juu ya ruracio ya marehemu na ngurario yake, yaani sherehe ya kukamilisha ndoa: nani alikwenda, alibeba nini, na kama kilichobebwa kilipokelewa.